Jasho Si Mizani ya Mazoezi

Katika mji huu wa Tanga, tangu Raskazone hadi Makorora, na tangu viwanja vya Chumbageni hadi Mkwakwani, sijaona upungufu wa bidii. Vijana huamka kabla ya jua kuchomoza, hukimbia, huruka, hujinyima, na hustahamili mashaka ambayo wengine hawayajui hata kwa kusimuliwa. Kilichopungua ni kadiri. Rai yangu, ambayo nimekusudia kuieleza leo kwa tafsili, ni kwamba makocha wetu walio wengi huyapima mazoezi kwa uchovu, na kwa kuwa uchovu hauchagui, bali humwangusha mwanasoka, bondia, mkimbiaji na msichana wa netiboli kwa namna moja, wamefikia kuwapa wote zoezi moja, ilhali kila mchezo unaudai mwili jambo lake mbali. Madhali hali ni hii, hatutapata nguvu zinazolingana na taabu yetu, na majeruhi hawatatoweka katika mabenchi yetu.

Itazame desturi yetu ilivyo. Msimu wa ligi unapokaribia, wachezaji hupelekwa ufukoni alfajiri kutafuta pumzi: huanza kwa mbio ndefu juu ya mchanga laini, hufuatia vichura vya kwenda na kurudi, kisha pushapu zisizo hesabu, na anayebaki nyuma huongezewa duru nyingine kuwa ni adhabu yake. Mtaa wa pili bondia anakimbia mwendo ule ule, na mtaa wa tatu wasichana wa netiboli wanaruka vichura vile vile. Kocha huridhika anapowaona wamelala chali wanahema, na viongozi wa klabu waliokuja kutazama hurudi nyumbani wakisema kwamba mwaka huu kocha hana mchezo. Siidharau asili ya desturi hii. Wengi wa waliotufunza sisi walifunzwa wao katika makambi, na Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1963, limewapitisha vijana wa nchi hii katika malezi ya utii na ustahimilivu yenye heshima yake. Walakini makusudi ya kambi ni kumfanya kijana asikate tamaa, na makusudi ya kocha wa viungo ni kumfanya mchezaji aliweze Jumamosi hii jambo ambalo hakuliweza Jumamosi iliyopita, na asiumie katika kuliweza. Makusudi hayo ni mawili, na njia zake haziwi moja.

Kwanza yafahamike mambo ya mwili wenyewe. Zoezi zito huuchosha msuli, hujeruhi baadhi ya nyuzi zake ndogo ndogo na kupunguza akiba yake, na jioni ya siku hiyo mwanamichezo huwa dhaifu kuliko alivyoamka; ni katika saa na siku zinazofuata, kwa chakula na usingizi, ndipo mwili hurudisha kilichopotea na, ukipewa wasaa, huongeza kidogo juu yake kuwa ni tahadhari ya mzigo mwingine. Anayetwishwa zoezi jingine zito kabla ya wasaa huo kutimia hujenga juu ya upungufu, na akiendelea hivyo mwezi mzima miguu huwa mizito, usingizi huwa wa mang'amung'amu, mafua hayamwishi, naye huambiwa mvivu. Nimewaona vijana wa namna hii wakiachwa na klabu zao kwa sababu ya kushuka kiwango, na kumbe kiwango chao kilishushwa na kocha aliyewapenda na kuwataka wafanye zaidi.

Pili, nguvu haikai katika unene wa nyama peke yake. Mtu anayeanza kunyanyua vyuma huongezeka nguvu katika wiki za mwanzo kabla hata nguo hazijambana, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja, zikiwemo zile kubwa na za kasi ambazo katika shughuli nyepesi hulala bila ya kazi. Mafunzo haya ya mishipa ya fahamu yanataka mzigo mzito, marudio machache, na mtu aliyepumzika. Mchezaji aliyekwisha kukimbia saa nzima mchangani, akaambiwa aruke vichura mia, hajifunzi kuruka kwa nguvu. Anajifunza kuruka kwa unyonge, na mwili, ambao hauchagui la kuhifadhi, huuhifadhi unyonge ule.

Liko jambo la tatu, ambalo aghalabu halitajwi kabisa viwanjani kwetu, nalo ni muda. Mkimbiaji wa mbio fupi anapokuwa katika kasi yake, unyayo wake hukaa ardhini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali msuli ukitakiwa kutoa nguvu zake zote huhitaji muda unaopata mara tatu ya huo au zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nguvu nyingi mno za kusukuma gari lililokwama matopeni, asiwe na nguvu yoyote ya kumfaa katika kumpita beki, kwa kuwa mguu wake unakwisha kuondoka ardhini kabla nguvu haijafika. Ndiyo sababu ya mimi kusisitiza kwamba baada ya kujenga nguvu ya msingi kwa mizigo, mwanamichezo hana budi kufunzwa nguvu ya ghafla: mruko mmoja wa nguvu zote, pumziko refu, kisha mwingine, urushaji wa mpira mzito, mbio za mita 10 au 20 na kurudi kwa kutembea. Anayetazama kwa mbali atadhani watu hawa wanapoteza wakati, maana hawahemi sana wala hawaloi jasho.

Hesabu ya nishati nayo inatenga michezo. Mwili una akiba ya haraka inayotosha jitihada kali ya sekunde kama 10. Una njia ya pili inayochukua nafasi hata kufikia dakika moja au mbili, kwa gharama ya misuli kuwaka moto. Na una njia ya tatu, itegemeayo hewa, ambayo ni ya polepole na ya kudumu. Mchezaji wa mpira hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, na hili limewapoteza makocha wengi, wakadhani kwamba dawa yake ni kukimbia kilomita 12. Hawakuona kuwa sehemu kubwa ya mwendo ule ni kutembea na kukimbia taratibu, na kwamba mabao huamuliwa na vile vipande vichache vya mita chache ambavyo mtu huruka, husimama ghafla, hugeuka na kuondoka tena. Bondia hufanya kazi dakika 3 na kupumzika 1. Netiboli ni robo nne za dakika 15, na kila robo imejaa kusimama kwa ghafla. Ni nani atakayesema kwamba watu hawa watatu wanahitaji mbio moja ya ufukoni? Zaidi ya hayo, mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Hickson, alionyesha kwamba watu wanaochanganya mazoezi mazito ya nguvu na mazoezi mengi ya mbio na baiskeli kwa pamoja, nguvu zao hupanda kwa wiki kadhaa kisha husimama na kuanza kurudi nyuma, huku za wale wanaonyanyua tu zikiendelea kupanda. Muradi wake si kwamba mambo hayo mawili yasikutane abadan, bali kocha ajue kuwa kila kilomita anayoiongeza ina bei, na wakati mwingine bei hiyo hulipwa na nguvu.

Sasa niishukie michezo yenyewe, nikianza na soka, kwa kuwa huu ni mji wa Coastal Union, klabu iliyoasisiwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na ni mji wa African Sports, watani wao. Jeraha linaloondoa wachezaji viwanjani kuliko mengine mengi ni la nyama za paja upande wa nyuma. Msuli huo aghalabu haukatiki wakati wa kusukuma. Hukatika pale mguu unapotupwa mbele kwa kasi na msuli ukatakiwa kuuzuia huku wenyewe ukivutwa na kurefuka. Kujinyoosha viungo kwa dakika mbili kabla ya mechi hakuuandai msuli kwa kazi hiyo. Kinachouandaa ni zoezi ambalo halihitaji hata shilingi: mchezaji hupiga magoti juu ya mkeka, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye hujiachia kwenda mbele polepole, kiwiliwili kimenyooka, akizuia kwa nyama za paja kadiri awezavyo hata mikono ipokee ardhi. Uchunguzi uliofanywa kwa wanasoka wa Denmark na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha majeraha hayo kupungua kwa zaidi ya nusu katika timu zilizolishika zoezi hili. Limo pia katika ule mpango wa kupasha misuli moto uliobuniwa mwaka 2006 na kuenezwa na FIFA, unaochukua takriban dakika 20. Nikipita viwanjani jioni huwaona vijana wakipiga mpira golini kwa nguvu zote wakiwa bado wa baridi, na moyo wangu huuma.

Katika ngumi, Tanga ina haki ya kusema. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo, kijana wa mji huu, alimmaliza Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili, na tangu siku hiyo vijana wengi wa hapa wametaka kuwa kama yeye. Wakienda jimu, hata hivyo, huwaona wakitunisha vifua na mikono, kwa itikadi kwamba ngumi hutoka mkononi. Ngumi huanzia unyayoni: mguu wa nyuma husukuma ardhi, nyonga huzunguka, kiwiliwili hupokea na kupitisha, na mkono huwa mjumbe wa mwisho tu wa nguvu iliyozaliwa chini. Bondia mwenye kifua kipana na miguu minyonge amebeba uzito atakaoulipia siku ya kupima. Na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa kuwa ni jambo la uhai. Bondia anayevaa makoti ya nailoni au mifuko ya plastiki chini ya sweta, akakimbia katika joto letu la kaskazi ili apunguze kilo kabla ya mizani, hapunguzi mafuta. Anaondoa maji ya damu yake. Katika mji wenye unyevu kama wetu, ambapo jasho hutiririka bila ya kukauka na kwa hiyo halipozi mwili, akiongeza na plastiki amejifungia ndani ya tanuri. Mwaka 1997, katika muda wa wiki chache tu, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa kwa njia hii hii, nao walikuwa vijana wenye siha njema. Kocha anayeiruhusu hana udhuru.

Netiboli ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu wasichana wetu huachiwa wajifunze wenyewe jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kutua. Sheria ya mchezo huo haimruhusu aliyedaka mpira kwenda nao. Hana budi asimame, na mwili uliokuwa katika kasi na uliokuwa hewani lazima uzimwe katika hatua moja au mbili, na mzigo unaoliangukia goti huzidi uzito wa mtu kwa mara kadhaa. Nilimtazama hivi karibuni msichana mmoja wa shule, mrefu, mwepesi, mdakaji hodari: aliruka, akaudaka mpira juu ya vichwa vya wenzake, akatua kwa mguu mmoja ulionyooka kama mlingoti, na goti likaingia ndani kuelekea la pili huku kiwiliwili kikiwa bado kinakwenda. Mara ile hakuumia. Lakini kano za goti hukatika kwa mtuo wa sura hiyo hiyo, na wanawake katika michezo ya kuruka na kugeuka huzikata kwa uwiano mkubwa kuliko wanaume. Nilimwomba aruke chini tu, pasipo mpira, atue kwa vidole kwanza, magoti yakunjike na yaelekee kule vinakoelekea vidole, nyonga zirudi nyuma, na mtuo usisikike. Baada ya majaribio machache sauti ya viatu ilipungua. Kilichobaki ni kumpa nyonga zenye nguvu ili atue vivyo hivyo hata robo ya nne anapokuwa amechoka: achuchumae na mzigo, apande ngazi kwa mguu mmoja akiwa na ndoo mkononi, asimame kwa mguu mmoja na kuinama. Wiki 6 hadi 8 za kazi hiyo, mara mbili au tatu kwa wiki, si nyingi mbele ya goti la maisha yote.

Waogeleaji nitawapitia kwa neno moja: mabega yao yanataka misuli ya nyuma ya bega na ya mgongo wa juu iimarishwe, maana ile ya mbele inafanya kazi kila siku majini.

Wakimbiaji wa mbio ndefu ndio wanaoshikilia kwa ukali zaidi kwamba vyuma haviwahusu. Nawakumbusha mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, ambapo Alphonce Simbu, aliyekwisha kupata shaba London mwaka 2017, alifika utepeni pamoja na Mjerumani Amanal Petros kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, wote wawili, na ikabidi picha iamue kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Baada ya kilomita 42, taji liliamuliwa na aliyeweza bado kutoa kasi. Kule Ufini, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 uliwachukua wakimbiaji, wakapunguziwa sehemu ya mbio zao na kupewa badala yake mazoezi ya nguvu ya ghafla kwa wiki 9, na muda wao wa mita 5000 ukapungua ingawa uwezo wao wa kutumia hewa haukuongezeka. Walikuwa wanatumia nishati ndogo kwa mwendo ule ule, kwa kuwa mguu wenye nguvu haupotezi kitu unapogusa ardhi.

Dhana potofu zinazotuzuia si ngeni. Chuo Kikuu cha Nebraska kilipomwajiri Boyd Epley mwaka 1969, mmoja wa makocha wa nguvu wa mwanzo kabisa kulipwa kwa kazi hiyo katika vyuo vya Marekani, kocha mkuu alimwonya kwamba mchezaji mmoja akipungua kasi, yeye atafukuzwa. Hakufukuzwa. Kinachopunguza kasi ni kujenga wingi wa nyama usiohitajika kwa mtindo wa watunisha misuli, na kunyanyua polepole siku zote pasipo kuruka wala kukimbia. Wazazi huniambia kuwa vyuma hudumaza watoto. Hakuna ithibati ya hilo pale ambapo mtoto anasimamiwa, anaanza na uzito wa mwili wake mwenyewe, na anafunzwa umbo sahihi kabla ya kuongezewa. Wengine huhofia mabinti zao watakuwa na miili ya kiume. Testosterone, homoni inayokuza misuli ya wanaume, ni zaidi ya mara 10 kwa mwanamume mzima ikilinganishwa na mwanamke, na msichana anayenyanyua mara mbili kwa wiki atapata nguvu na mifupa imara, basi.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya klabu tajiri, kama Simba iliyowahi kumleta marehemu Adel Zrane kutoka Tunisia kuwa kocha wake wa viungo. Si kweli. Katika ua mmoja hapa Chumbageni kuna chuma kilichotengenezwa kwa bomba la maji na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Mwenyewe ameandika uzito kwa chaki kila upande baada ya kuyapima kwa mizani ya duka la nafaka, na amefunga kamba ya katani katikati ya bomba ili mkono usiteleze. Chuma hicho, gunia la mchanga, na ukuta wa kuruka, vinatosha kuanzia. Siku mbili kwa wiki nje ya msimu, wakati mwingine tatu. Mazoezi manne au matano, yaani kuchuchumaa, kuinua kutoka ardhini, kusukuma, kuvuta, na kubeba mzigo mkononi kwa mwendo. Seti tatu za marudio matano au sita, huku mtu akibakiwa na nguvu ya marudio mawili alipoacha. Ligi ikianza, isiachwe kabisa kama tufanyavyo. Siku moja ya mzigo mzito na marudio machache, mbali na mechi, huilinda nguvu iliyopatikana.

Ramadhani nayo inataka mpango wake, maana katika mji wetu wengi hufunga, na si haki mchezaji kulazimishwa achague baina ya ibada na nafasi yake kikosini. Mazoezi mepesi ya ustadi yawekwe karibu na magharibi, ili futari ifuate mara. Mizigo mizito ihamishwe usiku baada ya tarawehe, na idadi ya seti ipunguzwe. Daku iwe na chakula cha kujenga mwili. Kwa mwaka mzima mwanamichezo anayenyanyua ahesabu takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na hazihitaji unga wa makopo ya kigeni: dagaa, samaki, mayai, maziwa, kunde na maharage vipo sokoni.

Klabu zisizoweza kuajiri peke yao na zishirikiane. Timu mbili za watani, jimu za ngumi na shule kadhaa zinaweza kumlipa kocha mmoja wa viungo aliyesoma, azunguke kwa zamu. Sharti langu kwake ni daftari, lenye ukurasa wa kila mchezaji, ambamo mna mzigo alionyanyua, usingizi aliolala, maumivu aliyoamka nayo, na urefu wa mruko wake. Mruko hupimwa kila Jumatatu asubuhi, kabla ya zoezi lolote: kijana hupaka chaki vidoleni, husimama ubavuni mwa ukuta, huruka na kuacha alama. Alama ikishuka Jumatatu mbili mfululizo, apunguziwe mzigo wiki hiyo, hata kama mechi ya Jumamosi ni ya watani na viongozi wamesimama pembeni wakitaka kuona watu wakitoka jasho.